Mzigo wa Mtalii: Maneno ya Utalii na ya Hewa Ukaa katika Kiswahili

Katika miaka hii ya karibuni yameingia katika Kiswahili maneno mengi yahusuyo utalii na mabadiliko ya tabianchi, nayo yameingia kwa haraka, aghalabu kwa mlango wa ripoti na mikataba iliyotungwa kwanza kwa Kiingereza. Makusudi ya makala haya ni kuyapima baadhi ya maneno hayo. Sitauliza tu kama yametungwa kwa kanuni za sarufi; nitauliza pia kama yamwezesha mtu wa Nungwi, wa Gazi au wa bonde la Yaeda kulifahamu jambo analotakiwa kulikubali. Maana jambo lenyewe halikai tena vitabuni. Kijiji chaombwa kutia sahihi mkataba wa miaka mingi kuhusu msitu wake. Mfanyakazi wa hoteli aambiwa apunguze kitu ambacho hajapata kukiona. Na baraza la shehia latakiwa kutoa neno lake juu ya ujenzi wa ufukweni. Neno likiwa na giza, sahihi nayo hutiwa gizani.

Kabla ya kuyashika maneno yafaa kulitazama jambo, nasi tuichukue Unguja iwe mfano. Mwaka 2023 wageni waliofika Zanzibar walizidi 600,000, na walio wengi walifika kwa ndege. Kutoka Frankfurt hadi Unguja ni mwendo wa kama kilomita 6,900. Kilo moja ya mafuta ya ndege iunguapo hutoa zaidi ya kilo tatu za hewa ukaa. Wala msomaji asishangae kwamba kinachotoka ni kizito kuliko kilichoingia, kwa kuwa kaboni ya mafuta huungana na oksijeni ya hewani, na uzito wa oksijeni hiyo huhesabiwa pamoja. Kwa hiyo mgeni mmoja akienda na kurudi, fungu lake la hewa hiyo hupita tani moja, hata kama ameketi katika daraja la chini; na aliyeketi daraja la juu, kwa kuwa kiti chake kimechukua nafasi ya watu kadhaa, fungu lake ni kubwa zaidi. Mtanzania wa kawaida, kwa mwaka mzima, hewa ukaa itokanayo na mafuta, gesi na makaa ya mawe anayoyatumia haifiki hata nusu tani.

Akiisha kutua, mgeni huyo huanza hesabu nyingine. Utafiti wa Stefan Gössling uliochapishwa mwaka 2001 ulikadiria kwamba mtalii katika pwani ya mashariki ya Unguja alitumia kwa wastani lita 685 za maji kwa siku, yaani kama mara kumi na tano ya mwenyeji. Maji hayo hayapandi yenyewe kutoka kisimani. Huvutwa kwa pampu, na pampu yataka umeme. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na waya huo ulipoharibika mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, hoteli ziliishi kwa jenereta za dizeli, na watu wa mitaani waliishi kwa mishumaa na vibatari. Tukiongeza viyoyozi, barafu, na vyakula viletwavyo kwa ndege ilhali sokoni Darajani vipo vya kutosha, twapata picha ya mambo yalivyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba utalii wa dunia nzima, pamoja na usafiri na vitu vinavyonunuliwa, huchangia kama asilimia 8 ya gesi zote zinazozidisha joto la dunia.

Lakini katika hesabu yote hiyo, kwa mgeni atokaye mbali, safari ya ndege ndiyo iliyo kubwa kuliko yote. Jambo hili lina tokeo moja ambalo watu wengi hawalitazami. Mgeni akija mara mbili kwa mwaka, juma moja kila mara, ameruka mara mbili. Akija mara moja akakaa majuma mawili, siku alizokaa ni zile zile, fedha alizoacha kwa wenyeji hazipungui sana, na mzigo wa ndege ni nusu. Kuhesabu vichwa vya wageni peke yake, basi, ni kuhesabu hasara pamoja na faida bila ya kuzitenga. Kipimo kifaacho ni siku za kukaa. Wazee wetu walisema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu umpe jembe. Wenye hoteli hawataipenda methali hii, lakini hata wao wangefaidika kama mgeni wao angefika hiyo siku ya kumi.

Sasa tuje kwenye maneno, nasi tuanze na neno utalii lenyewe. Shina lake ni -talii, nalo latokana na Kiarabu, katika kitenzi chenye maana ya kusoma kwa makini au kukipitia kitabu. Kwa shina hilo hilo tumepata mutalaa, yaani kusoma na kudurusu, na mtaala, ambalo shuleni ni mpango wa masomo. Kwa asili ya neno, basi, mtalii ni ndugu wa mwanafunzi: ni mtu aliyekuja kuisoma nchi. Sisemi kwamba asili ya neno ndiyo maana yake ya leo; kosa hilo hulisahihisha kila mwaka katika karatasi za wanafunzi. Lakini ni vyema kukumbuka kwamba lugha yetu ilipotafuta jina la mtu huyu haikumwita mstarehe wala mnunuzi. Kinyume chake ni neno safari. Hilo Kiingereza kiliazima kwetu katika karne ya 19, kikalipunguza maana hata likawa ni kwenda kutazama au kuwinda wanyama, kisha likaturudia katika matangazo ya biashara likiwa limevaa kofia ya jua.

Neno la pili ni -endelevu, nalo ndilo litumikalo zaidi kuliko yote. Kwa sarufi halina lawama. Kutokana na -tulia tumepata -tulivu, kutokana na -vumilia tumepata -vumilivu, kutokana na -sikia -sikivu, kutokana na -legea -legevu. Basi -endelea ikizaa -endelevu imefuata njia ya nduguze. Shida iko katika maana. Kitenzi -endelea ndicho kilichokwisha kuzaa maendeleo, hata tunaposema "maendeleo endelevu" sikio la Mswahili husikia jambo moja limesemwa mara mbili. Tena, na hili ndilo kubwa zaidi, sifa hii haisemi ni kitu gani kinachotakiwa kuendelea. Mwenye hoteli akisikia "utalii endelevu" aweza kwa haki kabisa kufahamu utalii usiokoma, wageni mwezi hata mwezi, masika na kiangazi, mwaka huu wengi kuliko mwaka jana. Mvuvi akisikia neno hilo hilo afikiri ni samaki wake watakaoendelea kuwapo. Wote wawili hutikisa vichwa mkutanoni, na mwandishi wa kumbukumbu huandika kwamba wamekubaliana.

Nimesoma vibao katika hoteli kadhaa za mashariki ya Unguja vyenye kumwomba mgeni, kwa lugha tatu au nne za Ulaya, asitupe taulo lake lifuliwe kila siku. Kwa Kiswahili hapakuwa na neno. Mfanyakazi afuaye taulo hizo alipoulizwa "utalii endelevu" ni nini, alijibu kwamba ni ule ambao mtu hafukuzwi kazi msimu wa mvua ukifika. Nami siwezi kusema kwamba amekosea. Kwa Kiswahili hilo ndilo neno linalosema.

Mtu atakayeuliza dawa yake ni nini, nitamjibu kwamba si lazima kulitupa neno. Limekwisha kuota mizizi, na lugha haimtii mhadhiri. Ila liandikwapo katika mkataba au sheria, lisiachwe peke yake. Liandamane na kile kitakiwacho kubaki. Kisiwa cha Chumbe chatupa mfano. Bahari yake ya upande wa magharibi ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Nyumba za wageni ni saba tu, paa zake hukinga mvua na kuipeleka katika birika zilizo chini ya nyumba, taa zake ni za nguvu ya jua, vyoo vyake havitumii maji bali hugeuza kinyesi kuwa mboji, na walinzi wa miamba yake wa mwanzo walikuwa wavuvi wa pale pale. Mtu aweza kuyasema yote haya kwa Kiswahili cha kila siku bila ya kutumia -endelevu hata mara moja: utalii usiokausha kisima, usiovunja matumbawe, usiowasha jenereta. Maneno haya ni marefu, nakiri, lakini kila moja laweza kukaguliwa. Mkaguzi akienda na kamba yake kisimani ataona maji yamepungua au hayakupungua.

Neno la tatu ni lile linalotafsiri sitiari ya Kiingereza ya alama ya mguu. Wengine husema unyayo wa kaboni, wengine nyayo za kaboni, na wengine alama ya kaboni. Tafsiri hii ni ya neno kwa neno, na sitiari ni mche usiokubali kila udongo. Kwa Kiswahili unyayo una kazi mbili kubwa. Kwanza ni kitu cha kusomwa: msasi huuona unyayo akajua mnyama amepita lini na kwenda wapi. Pili ni kitu cha kufuatwa. Mtoto mwema hufuata nyayo za babaye. Na nchini Kenya, Daniel arap Moi aliposhika urais mwaka 1978 baada ya kufa kwa Jomo Kenyatta, "Nyayo" ikawa mwito wa serikali, na uwanja mkubwa wa michezo wa Nairobi ukapewa jina hilo. Sasa mtu aliyelelewa katika maana hizi aambiwapo "punguza unyayo wako" afanye nini? Nyayo haipunguzwi, hufutwa, na afutaye nyayo ni mwizi. Wala unyayo hauna uzito, ilhali kitu tunachokizungumza hupimwa kwa tani.

Mimi napendelea mzigo: mzigo wa hewa ukaa, au kwa kifupi mzigo wa ukaa. Mzigo una uzito, hupimwa, hupunguzwa, hugawanywa, na juu ya yote mzigo hauachi kuuliza swali: nani anayeubeba? Historia ya safari katika nchi zetu ni historia ya mizigo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilikwenda kwa mabega ya wapagazi, kila mmoja na kilo kama 30 za nguo, shanga au pembe. Hata leo katika mlima Kilimanjaro kanuni zasema mzigo wa mgeni abebeshwao mpagazi usizidi kilo 20, na pale lango la kupandia pana mizani. Mtu wa Marangu hahitaji semina afahamishwe kwamba mtalii huja na mzigo, na kwamba mzigo huo wabebwa na mwingine. Kilichobaki ni kumweleza kwamba upo mwingine usioonekana kwa mizani ile, mzito mara hamsini na zaidi, ambao hubebwa na hewa ya wote, pamoja na mtu ambaye hajapata kupanda ndege.

Nimetumia hewa ukaa bila ya maelezo, na hapo ndipo penye mgogoro hasa. Ukaa ni neno zuri. Limetoka katika kaa na makaa, likapewa kiambishi u- kama majina ya vitu visivyohesabika, na mpishi yeyote aweza kuiona nasaba yake jikoni. Upungufu wake ni kwamba lasikika kama kitenzi -kaa kwa mtu asiyelizoea. Lakini mazoea huponya hilo. Tatizo li katika nusu ya kwanza. Kiswahili cha Tanzania kimelipa neno hewa maana mpya, yaani kitu kisichokuwapo kinachodaiwa kipo. Serikali ilipoendesha ukaguzi mkubwa wa "wafanyakazi hewa" mwaka 2016, kila mtu alifahamu kwamba ni majina yapokeayo mshahara yasiyo na watu. Tukapata mishahara hewa, miradi hewa, hata wapiga kura hewa. Katika lugha yenye maana hiyo, mgeni aingiapo kijijini akasema amekuja "kununua hewa ukaa" amejitangaza mwenyewe kuwa tapeli. Na akisema kijiji "kitauza hewa", mzee mwenye busara ataondoka mkutanoni.

Jambo hili si la kuchekesha, kwa maana biashara yenyewe ipo. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022. Kabla ya hapo, tangu mwanzo wa miaka ya 2010, jamii za bonde la Yaeda, Wahadzabe wakiwamo, zilikwisha kuanza kupokea malipo kwa kuulinda msitu wao usikatwe. Nchini Kenya, wenyeji wa Gazi katika kaunti ya Kwale walianza mwaka 2013 mradi uitwao Mikoko Pamoja, wakitunza hekta 117 za mikoko, na fedha zake zikaingia katika maji na shule. Litazameni jina hilo. Halina hewa, halina kaboni, halina endelevu. Lina mti ambao kila mtoto wa Gazi ameupanda na kuuangukia matopeni, na lina neno la ushirika. Sina shaka kwamba jina limefanya kazi ambayo kurasa arobaini za mkataba haziwezi kuifanya. Kwa kufuata mfano huo ningeshauri mikataba ya vijiji isiseme kuuza hewa, bali malipo ya kutunza msitu, au ya mikoko, na ieleze baadaye kwamba malipo hupimwa kwa ukaa ulioshikwa na miti na udongo. Kwa kweli hicho ndicho kinacholipwa: kazi ya kulinda na haki ya kutokata. Hewa haiondoki mahali ikaenda kwa mnunuzi.

Fedha za miradi ya namna hii hutoka kwa wanunuzi mbalimbali, na miongoni mwao wamo wasafiri na makampuni ya safari watakao kulipia mzigo wao wa ndege. Malipo hayo twayaita fidia ya kaboni, na hapa, ajabu, Kiswahili kimepata neno lililo bora kuliko la Kiingereza. Neno la Kiingereza lasema tu kwamba kitu kimoja kimesawazishwa na kingine, kama mizani ya dukani. Fidia yetu ina historia. Katika sheria ni malipo apewayo aliyedhulumiwa. Katika dini ya Kiislamu, mzee au mgonjwa asiyeweza kabisa kufunga Ramadhani hutoa fidia kwa kumlisha maskini kwa kila siku aliyoiacha. Lakini kila mtoto wa chuoni ajua kwamba mwenye afya hawezi kula mchana kisha akatoa kibaba cha mchele akasema yamekwisha. Fidia ni ya asiyeweza, awezaye hufunga.

Wataalamu wa tabianchi wametumia karatasi nyingi kueleza kanuni hiyo hiyo: kwanza punguza kiwezekanacho kupunguzwa, ndipo ulipie kilichobaki. Nao wana sababu. Mafuta ya ndege huungua kwa usiku mmoja, na mti hutaka miaka makumi kuurudisha ukaa huo. Msitu nao waweza kuungua, au kukatwa mkataba ukiisha. Mtalii aliyeweza kukaa majuma mawili badala ya kuja mara mbili, au aliyeweza kwenda Pemba kwa meli badala ya ndege, hana haki ya fidia katika maana yetu ya neno. Na kwa maana ya kisheria twapata swali lingine ambalo neno lalazimisha liulizwe: aliyedhulumiwa ni nani, naye amelipwa? Mkulima wa mwani wa Paje, ambaye mwani wake huharibika maji yapatapo joto, hamo katika mkataba wa msitu wowote.

Nimeacha kwa makusudi neno moja hadi sasa, kwa kuwa si jipya wala halitajwi katika ripoti. Mtu wa Dar es Salaam aendapo Tanga kwa majuma mawili, akaoga baharini, akala kwa shangazi yake, akapelekwa kuyaona mapango ya Amboni, hasemi ametalii. Asema amekwenda kutembea. Mchaga arudiye Rombo mwezi wa Desemba asema amekwenda kusalimia. Kutalii, katika mazungumzo ya kila siku, ni kazi ya mgeni mwenye kamera. Ndiyo sababu wito wa "utalii wa ndani", ijapokuwa umerudiwa kwa miaka mingi, husikika kama wito wa kujifanya mgeni katika nchi yako, kulipa kiingilio na kuvaa kaptura.

Hali ya kuwa kutembea ndiko kusafiri kwenye mzigo mdogo kabisa. Mtembezi hukaa siku nyingi, hupanda basi, na tangu mwaka 2024 aweza kupanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma; chakula chake kimetoka shambani karibu; maji yake ni ya ndoo. Pesa yake huingia sokoni moja kwa moja, bila ya kupitia kwa wakala aliye ng'ambo. Lakini hesabu zijengwazo juu ya vitanda vya hoteli haziwezi kumwona, kwa kuwa amelala kwa shangazi. Watungao maswali ya hesabu hizo, kama wangemwuliza mtu "Mwaka huu ulikwenda kutembea wapi, na ulikaa siku ngapi?" badala ya "Je, umefanya utalii?", wangepata jibu jingine kabisa, nalo pengine lingebadilisha mahali barabara ijayo itakapojengwa.